Matundu Chini ya Herufi

Jumatatu, 11 Machi

Nisamehe, mume wangu, kwa kuchelewa kuandika. Daftari hili uliniachia tangu Januari, ukasema niandike kila siku hali ya Baba kwa kuwa huko kambini kwenu simu haishiki. Mimi nikaliweka juu ya kabati nikawa nalifuta vumbi tu. Si uvivu. Mdogo hajaacha kunyonya, Mkubwa ameanza mwaka wa pili wa chekechea, na Baba sasa hawezi hata kujigeuza kitandani. Nikikaa chini nasinzia. Leo dereva wa lori amepita akaniambia, "Shem, mwenzio kila nikishusha mzigo ananiuliza barua iko wapi, mpaka namkimbia." Nikaona haya. Kwa hiyo naanza, na nitampa daftari likijaa au haja ikizidi.

Baba miguu imevimba mpaka magotini. Daktari wa zahanati anasema moyo umechoka, vidonge asubuhi na jioni, chumvi asionje. Akili ni nzima. Jana amenikosoa kwa kamba ya nguo, eti msumari nimeupigilia kama mtu anayeua nyoka.

Mvua bado, mawingu tu.

Jumatano, 13 Machi

Mvua ya kwanza, mchana. Nepi nne zimelowa kabla sijazianua.

Ijumaa, 15 Machi

Wazee wa kanisa wamekuja kumwombea Baba. Walikuwa watano, viti havikutosha, mmoja amekalia ndoo. Yule mwenye sauti nene akasema, "Fundi, wewe unamaliza salama. Nyumba zako zimesimama, wanao wamesimama. Unamwendea Mungu na mikono safi." Wote wakaitikia. Mama Redio wa jirani, ambaye nilidhani amekuja kuazima kitu, alilia machozi kabisa.

Baba akageuzia uso ukutani. Nikadhani amechoka, nikawatoa kwa adabu. Walipokwisha kuondoka akaniambia, "Mama, yule mzee ana maneno mengi."

"Anakupenda, Baba."

"Hanijui."

Jumanne, 19 Machi

Mvua tangu alfajiri. Kaka yako amekuja na vidonge, maziwa na blanketi zito. Sijui tungeishije bila yeye. Anasema shule kubwa ya kule barabarani inataka kumpa kazi ya kujenga madarasa mawili, wanangoja kutia sahihi. Jina la Baba ndilo lililomwingiza.

Alhamisi, 21 Machi

Mkubwa amezijua herufi zote. Mwalimu wao huwasimamisha mbele ya ule ukuta mrefu wa nyuma ya uwanja, unaozuia mteremko wa udongo, wenye herufi kubwa za rangi. Wanapita mmoja mmoja wakiimba na kuzigusa, A mpaka Z. Leo amekuja kuimba chumbani kwa babu yake, anagusa ukuta wa chumba huku anaruka. Baba akasema, "Mtoe." Hajawahi kusema hivyo. Mtoto amelia mpaka kwikwi. Nimemnywesha Baba uji bila kusema naye neno, na siombi radhi kwa hilo.

Jumatatu, 25 Machi

Mvua siku ya tatu mfululizo. Jikoni kunavuja, nimetega sufuria.

Jumatano, 27 Machi

Leo nitaandika mengi. Watoto wamelala mchana huu wote wawili, jambo la nadra.

Nilikuwa namkanda Baba miguu. Akauliza, "Mvua ya siku ya ngapi hii?"

"Ya tano, Baba."

"Ukuta wa shule unatoa maji?"

Nikacheka. Nikamwambia ukuta ule hautoi maji, ni mkavu, unang'aa rangi.

"Ndiyo hivyo," akasema. Kisha tena, "Ndiyo hivyo."

Akaanza kunieleza polepole, kama anavyomweleza mtu kazi. Ukuta unaozuia mteremko lazima uachiwe matundu chini, ili maji yanayoingia kwenye udongo wa nyuma yapate njia. Usipoyaacha, maji yanakusanyika nyuma yake na kuusukuma. Alipoujenga miaka saba iliyopita aliacha matundu ishirini na manne, moja kila hatua. Mvua za kwanza zikaja, matundu yakafanya kazi yake, maji ya matope yakachuruzika uwanjani. Mwenye shule, yule mama marehemu, alikuwa anangoja wazazi waje kuona shule mpya. Akamwambia, "Fundi, ukuta wako unalia." Baba akamjibu kwamba ni lazima ulie. Yule mama akasema basi rangi haitakaa, watoto watachafuka soksi, wazazi watamcheka, na mbona mafundi wengine kuta zao hazilii.

"Hapo ndipo aliponipata," Baba akasema. "Mafundi wengine."

Akayaziba yote ishirini na manne kwa siku moja, akapiga plasta juu. Plasta mbichi ikaacha mabaka yaliyopangika vizuri, na mchoraji alipokuja akaona yamemfaa. Akaandika herufi moja juu ya kila baka.

"Labda ulikuwa hujui madhara yake, Baba," nikasema.

"Nilijua. Usinitafutie mlango. Nilijua na mwiko uko mkononi."

Kila msimu wa mvua, alipokuwa na miguu, alipita pale asubuhi kuutazama ukuta. Wewe na mimi tulidhani anatembea kwa ajili ya afya yake. Nikamuuliza nani mwingine anajua. Akasema ni yeye na Mungu tu. Kisha akanishika mkono. "Nikishakwenda, uwaambie. Ngoja niende kwanza. Usiniaibishe mbele ya wale wazee."

Unajua ninavyompenda baba yako. Tangu niolewe hajawahi kuniita ila mama. Nikaufuta mguu wake kwa taulo, nikaufunika, ndipo nikasema, "Baba, nakuosha, nakulisha, na wala sichoki kwa hilo. Lakini hili silibebi. Huko si kutubu. Huko ni kunirithisha."

Akavuta blanketi mpaka kidevuni. Na mwanetu anakaa chini ya ukuta huo kila asubuhi.

Alhamisi, 28 Machi

Sijampeleka Mkubwa shule. Mama Redio amepita na mjukuu wake akauliza, nikasema ana kikohozi.

Ijumaa, 29 Machi

Mvua. Kikohozi tena.

Jumatatu, 1 Aprili

Nimemfunga Mdogo mgongoni nikaenda kuutazama ukuta, nikasingizia kuuliza ratiba. Kwa mbali hauna neno. Nikasogea. Pale kwenye L na M umetoka mbele kama tumbo la mtu aliyeshiba, na chini yake kuna ufa ambao kidole changu kidogo kinaingia. Nikaweka kiganja. Baridi.

Watoto wakatoka kuimba. Wako thelathini na wanne, nimewahesabu. Mjukuu wa Mama Redio akaniuliza mbona mwenzake haji. Nikasema anaumwa. Akaniambia, "Mpe pole," kama mtu mzima, akaenda kugusa herufi zake.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa najiuliza hasira yangu kwa Baba naiweka wapi. Yeye amenyamaza miaka saba kwa ajili ya jina lake. Mimi nimenyamaza siku tano, na katika siku hizo nimemtoa wangu nikawaacha wa wenzangu pale pale. Nilidhani namtunza mtoto. Kumbe nimefanya kama yeye, tena bila mwenye shule wa kunisukuma.

Jumanne, 2 Aprili

Nimemwambia kaka yako. Amesikiliza amesimama, funguo mkononi.

"Baba anaweweseka," akasema.

"Haweweseki. Nimeuona ufa."

"Shem, nyumba zote zina nyufa. Hii yako hapa ina nyufa. Unajua wiki hii natia sahihi na wale wa madarasa? Unataka wasikie fundi mkubwa mwenyewe anasema ukuta wake mbovu? Nani atanipa hata tofali moja?"

"Watoto thelathini na wanne."

"Mvua zitakwisha mwezi ujao. Nitakuja kuutazama kimya kimya. Mambo ya kuta tuachie sisi, wewe una watoto wako na jiko lako."

"Basi mhamishie mwanao pale mwezi huu. Nafasi zipo, wangu ametoka."

Akaondoka bila kuaga. Maziwa aliyoleta ameyaacha mlangoni. Kumbuka nilivyomwandika juu huko. Sijafuta, kwa sababu na yale ni kweli.

Jumatano, 3 Aprili

Nimemwambia Baba kesho saa sita, wazazi wakija kuchukua watoto, nitakwenda kusema. Pamoja naye au bila yeye. Alasiri akaomba wembe na kioo.

Alhamisi, 4 Aprili

Nimempeleka kwa toroli lake mwenyewe la kazi. Nimetandika godoro la Mdogo, nikamweka mto mgongoni, mwavuli akaushika yeye. Mdogo nimemwacha na binti wa nyumba ya pili, Mkubwa ameshika nguo yangu. Mvua ilikuwa ya rasharasha. Pale kwa fundi cherehani wakatuona, mmoja akasema, "Mama, mzigo huo unashusha wapi?"

Baba akamjibu, "Shuleni. Nimefeli, narudia darasa."

Wakacheka wote, na mimi nikacheka huku nalia, toroli likaenda upande.

Wazazi walikuwa kama ishirini, wamejibanza barazani. Mwalimu alipomwona akaja mbio, "Shikamoo Mzee, mbona kwenye mvua?" Baba hakuingia barazani. Akaniambia nilisimamishe toroli uwanjani ili waone ukuta nyuma yake.

"Mimi ndiye niliyejenga ukuta huu," akasema. Sauti ilikuwa ndogo, watu wakasogea. "Una kosa, nami nililijua siku nilipolifanya. Niliziba matundu ya maji ili upendeze. Sasa umebeba maji ya miaka saba. Watoto watoke leo, si kesho."

Mwalimu akauliza, taratibu tu, "Mzee, kwa nini leo?"

"Kwa sababu nakufa na ninaogopa."

"Unaogopa ukuta?"

"Namwogopa aliyenitazama nikiuziba."

Nilitazamia nini, sijui. Pengine nilidhani watu watamshika mkono. Mzazi mmoja akatema mate chini, akamchukua mtoto wake akaondoka. Mwingine akasema maneno ambayo sitaandika. Mama Redio akaja mpaka kwenye toroli, kanga imelowa, akasema, "Miaka mitatu mjukuu wangu anaimba pale. Na mimi nikakulilia chumbani kwako." Baba akasema, "Ndiyo." Kisha yule mama akanigeukia mimi. "Na kikohozi cha mwanao, kimepona?"

Nikamwambia, "Hakuwa na kikohozi."

Ni jirani aliyenipokea nilipotoka kujifungua, unamjua. Akamshika mjukuu mkono wakaenda.

Mwalimu amefunga shule papo hapo. Kuanzia Jumatatu watasomea ukumbi wa kanisa. Ameniomba funguo za toroli akasahau kuwa toroli halina funguo, ndivyo alivyokuwa amechanganyikiwa.

Ijumaa, 5 Aprili

Hakuna aliyekuja kumwona Baba.

Jumamosi, 6 Aprili

Baba ameniagiza kazi. Kwanza mtaro juu ya mteremko, maji ya mvua yapite kando. Baada ya hapo matundu, kuanzia pembeni kuja katikati, moja kushoto, moja kulia. "Usiguse L wala M mpaka mwisho, na usisimame mbele ya tundu. Simama ubavuni. Utoboe kidogo, uache, upige tena. Mchanga ukianza kutoka pamoja na maji, acha uniite." Kumwita, na yeye hawezi hata kukaa.

Nimechukua nyundo na tindo lake, ile patasi ya chuma ya kuvunjia zege. Mwalimu amekuja na majembe na wazazi wanne. Tumechimba mtaro mpaka saa tisa.

Jumatatu, 8 Aprili

Nimetoboa A. Plasta ilikuwa ngumu, nyuma yake kulikuwa na matambara yameoza. Nilipoyavuta kilitoka kwanza kitu kama pumzi, kisha maji meusi yakaruka hatua tatu. Yanatoka mpaka sasa. Mwalimu ametoboa Z. Mikono yangu imetoka malengelenge, Mdogo akinyonya analia kwa sababu nimemshika vibaya.

Jumanne, 9 Aprili

B na Y. Mvua.

Jumatano, 10 Aprili

CH na W. Kati ya wazazi wanne amebaki mmoja. Yule mzee wa sauti nene amekuja kwa Baba peke yake. Hakuomba kwa sauti. Amemkata kucha za miguu, akaondoka.

Alhamisi, 11 Aprili

Nikiwa kwenye D, mtu akanichukua tindo mkononi kwa nyuma. Kaka yako, amevaa viatu vya kwenda ofisini. Wale wa madarasa wamesikia, hawakutia sahihi. Nilijiandaa kwa maneno yake. Akaniambia tu, "Unalishika kama kijiko," akapiga magoti kwenye matope.

Amepiga D, V, E na U kabla ya jioni.

Ijumaa, 12 Aprili

Ametoboa F, T na G. Tulipopumzika akaniambia, bila kunitazama, "Siku ile tulikuwa watatu. Baba alishika mwiko. Mimi nilikata matambara. Mdogo wangu alikoroga saruji."

Nimekwenda moja kwa moja kwa Baba. "Uliniambia ni wewe na Mungu tu."

"Wao niliwaagiza. Kosa si lao."

"Sikukuuliza kosa la nani. Nilikuuliza nani anajua."

Akafumba macho. Sikumsumbua tena.

Jumapili, 14 Aprili

Mvua kubwa kuliko zote. Hatukutoboa. Baba anapumua kwa shida, midomo imebadilika rangi. Daktari amekuja, ametikisa kichwa.

Jumatatu, 15 Aprili

Asubuhi, nilipokwisha kumbadilisha shuka, aliniuliza, "Yamefika mangapi?"

Nataka ujue jinsi ilivyokuwa rahisi. Neno moja lilikuwa tayari mdomoni: yote. Nani angenilaumu? Angekwenda ametabasamu. Nilimtazama na nikajua nikisema hivyo nitakuwa nimempigia plasta.

"Kumi na matatu, Baba."

"Bado kumi na moja."

"Bado kumi na moja. H mpaka S."

"Ungeweza kunidanganya."

"Ningeweza."

Akakohoa, au alicheka, sijui. Akauliza nani alitoboa la G, nikasema mwanao, akauliza kama amelitoboa vizuri, nikasema vizuri. Kisha akaniuliza kama nadhani inatosha mbele za Mungu. Nikamwambia, "Baba, kipimo cha Mungu mimi sikijui. Ninachojua ni kwamba maji yanatoka."

Akaomba nimwite kaka yako. Nilikwenda nje kumwambia binti wa nyumba ya pili akimbie kwake, nikaanika nepi tatu kwa haraka kwa kuwa jua lilikuwa limetoka kidogo. Niliporudi alikuwa amekwenda. Ilikuwa saa nne. Uso wake haukuwa wa mtu aliyelala, wala wa mtu aliyeogopa. Ulikuwa wa mtu anayehesabu.

Jumatano, 17 Aprili

Tumemzika. Walikuja watu wachache kuliko wale ambao tungewapata mwezi uliopita. Mzee wa sauti nene hakusema mikono safi. Alisema, "Ndugu yetu alikosa, akasema mwenyewe kwa kinywa chake." Basi, akakaa. Mama Redio alikuja, akasimama nyuma, akaniachia sufuria ya chai mlangoni bila kubisha hodi.

Ijumaa, 19 Aprili

Ukuta umesimama. Ufa wa chini ya L haujapanuka tangu Jumamosi, kaka yako ameuwekea alama ya penseli. Amesema matundu yaliyotobolewa yanataka mabomba ndani, la sivyo udongo utayaziba tena, na duka la hapa halina bomba la kipimo hicho. Yeye na mimi tutamaliza, akitaka au asitake, lakini anataka.

Dereva anaondoka kesho asubuhi, kwa hiyo daftari linakwenda lilivyo. Kuhusu Baba usijiulize kama aliteseka kwa ajili ya yale niliyomlazimisha. Aliteseka. Nami sijutii, ila usiku huwa nauona ule mwavuli.

Rudi ukipata ruhusa. Usipopata, nitumie kwa mkono wa dereva:

Mabomba ya plastiki ya inchi mbili, vipande ishirini na vinne, kila kimoja sentimeta sitini.

Wavu mgumu wa plastiki, mita sita, wa kufungia midomo ya mabomba kwa nyuma.

Tindo refu moja. La Baba limevunjika ncha kwenye G.

Buti za mpira, namba thelathini na nane, na jozi nyingine ya kaka yako, arobaini na tatu.

Glavu za kazi, jozi mbili, moja ndogo.

Dawa ya malengelenge, na mafuta ya Mdogo, amechubuka.

Na neno lako. Wewe ndiye uliyekoroga saruji ile, na mwaka jana ni wewe uliyemshika Mkubwa mkono ukaenda kumwandikisha pale. Niandikie ulijua au hukujua. Usipunguze kwa kuniogopa, wala usiongeze ili nikuhurumie.